Mtoto Asiingie Ibadani: Georgi Vins na Wabaptisti wa Muungano wa Kisovieti



Naomba tuanze na barua. Iliandikwa Moscow mwaka 1960 na kupelekwa kwa wazee wasimamizi wa makanisa ya Kibaptisti katika Muungano mzima wa Kisovieti. Haikutoka polisi, wala haikutoka ofisi ya Chama cha Kikomunisti. Waandishi wake walikuwa viongozi wa kanisa wenyewe, wa Baraza Kuu la Wakristo wa Kiinjili na Wabaptisti, na walioandikiwa ni watumishi wao wa mikoani. Mchungaji yeyote aliyeketi humu ukumbini angeisoma mara mbili, akidhani macho yanamdanganya. Mzee msimamizi aliambiwa kwamba kazi yake kuu kwa wakati ule haikuwa kuvuta waumini wapya. Aizime ile ari ya kuhubiri iliyovuka mpaka. Apunguze kwa kadiri awezavyo ubatizo wa vijana wenye umri wa kati ya miaka 18 na 30. Na watoto wasiingizwe ibadani.

Hilo la watoto ndilo ninalotaka mlishike, kwa sababu mengine yote nitakayoyasema leo yanazunguka hapo. Tumezoea kusimuliwa habari za kanisa chini ya Wakomunisti kama ugomvi wa wanaomwamini Mungu na wanaomkana. Ugomvi huo ulikuwapo. Lakini mtu ninayekuja kuwaeleza, Georgi Petrovich Vins, hakufungwa miaka minane kwa sababu alisema kuna Mungu. Kusema hivyo, katika jengo lililosajiliwa, siku ya Jumapili, mbele ya vikongwe, kuliruhusiwa. Alifungwa kwa sababu aliuliza swali dogo zaidi, na ndiyo maana lilikuwa la hatari: nani ana haki ya kumwambia mchungaji ambatize nani, na mtoto wa muumini akae wapi Jumapili asubuhi?

Ili tuelewe barua ile ilitoka wapi, turudi nyuma kidogo. Tarehe 8 Aprili 1929 serikali ya Kisovieti ilitoa amri kuhusu vyama vya kidini, na amri hiyo, pamoja na viraka vyake, ilidumu karibu mpaka mwisho wa utawala wenyewe. Waumini wasiopungua 20 wangeweza kuomba kusajiliwa. Wakikubaliwa, wanapewa nyumba ya ibada, na wanachoruhusiwa kufanya humo ni ibada tu. Mfuko wa kusaidiana marufuku. Mikutano ya watoto, ya vijana, ya akina mama, ya kujifunza Biblia, hata ya kushona pamoja, marufuku. Maktaba marufuku. Mhubiri asitoke kwenda kuhubiri nje ya eneo wanamoishi waumini wake. Ukitazama vizuri utaona kwamba sheria hii haikulifunga kanisa. Iliacha kuta, ikaacha mimbari, ikaondoa kila kitu ambacho kwacho kanisa huzaa watoto wake wa kiroho. Jengo lingebaki mpaka aliyemo ndani azeeke afe.

Nataka niseme jambo hapa, nje kidogo ya njia. Mimi nimewahi kuwa katibu wa kanisa. Hati yetu ya usajili ilikaa ndani ya bahasha ya kaki, kabatini, pamoja na vikombe vya Meza ya Bwana, na kila mwaka nilikuwa naitoa, naitazama muhuri wake, naona fahari. Sioni ubaya wowote wa kusajiliwa. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za watu waliokubali kwenda jela kuliko kusajiliwa, nilikuwa upande wa wale waliowaona wakaidi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba muhuri wa kwangu na muhuri wa kwao ni vitu viwili. Wa kwangu ulisema, tumewaona, mpo. Wa kwao ulisema, tumewaona, na tangu leo tutawaambia la kufanya.

Sasa mtu mwenyewe. Georgi Vins alizaliwa tarehe 4 Agosti 1928 huko Blagoveshchensk, mji ulio kando ya mto Amur, ng'ambo tu ya China. Baba yake, Pyotr Vins, alikuwa amesoma theolojia Marekani. Angeweza kubaki huko, achunge kanisa la wahamiaji, ale mkate wake kwa amani. Badala yake mwaka 1922 alirudi Urusi, nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaenda kuhubiri Siberia. Mwaka 1930 alikuja Moscow kwenye mkutano wa viongozi wa Kibaptisti. Watu wa usalama walikuwa na majina yao waliyotaka yachaguliwe kwenye uongozi, nao walimweleza wazi kwamba anatarajiwa kuyaunga mkono. Hakuyaunga mkono. Akakamatwa, akapelekwa kambini miaka mitatu. Georgi alikuwa hajatimiza miaka miwili, au ndiyo kwanza anaitimiza.

Baba alitoka, familia ikahamahama Siberia mpaka ikatua Omsk. Mwaka 1936 akakamatwa tena, akaachiwa. Mwaka 1937 wakaja mara ya tatu. Safari hii hakurudi, na barua hazikuja. Kwa miaka mingi familia iliamini kwamba alifia kambini mwaka 1943.

Mama, Lydia, akabaki na mtoto mmoja wa kiume. Mkumbukeni mama huyu, atarudi kwenye habari yetu, tena si kama mjane anayelia pembeni.

Baada ya vita mama na mwana walihamia Kiev, Ukraine. Georgi akasoma uhandisi wa umeme, akaajiriwa, mwaka 1952 akaoa binti aitwaye Nadezhda, na baadaye wakajaliwa watoto watano. Alikuwa anahubiri, kama walivyohubiri Wabaptisti wengi wa huko: mchana kazini kwa serikali, jioni na Jumapili kanisani, bila mshahara wa kanisa. Angeweza kuishi hivyo hadi uzeeni. Sidhani kama kuna mtu angemsikia nje ya Kiev.

Kisha barua ikafika.

Lazima niwatendee haki walioiandika, maana katika mihadhara ya namna hii hao ndio huchorwa pembe na mkia. Mwenyekiti wa Baraza, Yakov Zhidkov, na katibu wake mkuu, Alexander Karev, wote wawili walikuwa wamefungwa katika miaka ya 1930. Hawakuwa makachero waliovishwa suti ya kichungaji. Walikuwa wachungaji waliojua harufu ya seli. Mwaka 1944 Stalin, ambaye katikati ya vita alihitaji kila mtu awe upande wake, aliruhusu Wabaptisti na Wakristo wa Kiinjili waungane chini ya baraza moja, na Zhidkov na Karev wakapewa kanisa ambalo miaka michache nyuma lilikuwa karibu limefutika. Walipata gazeti lao, Bratsky Vestnik, mwaka 1945. Mwaka 1957 waliruhusiwa kuchapa Biblia 10,000. Waumini wao wote walihesabiwa kuwa kama nusu milioni. Gawanyeni wenyewe, mwone Biblia moja ingesomwa na watu wangapi. Lakini kwa mtu aliyewahi kukaa mahali ambapo hakuna hata moja, 10,000 ni mvua.

Ndipo ikaja kampeni ya Khrushchev, mkuu wa Chama. Huyu ambaye dunia inamkumbuka kwa kufungua makambi ya Stalin ndiye, kati ya mwaka 1959 na 1964, aliyeendesha kampeni kali kuliko zote za baada ya vita dhidi ya dini. Makanisa ya Kiorthodoksi, misikiti, masinagogi na nyumba za sala za Wabaptisti vilifungwa kwa maelfu. Zhidkov na Karev walipoambiwa watoe kanuni mpya na barua ya maagizo, walipiga hesabu ambayo kila kiongozi wa kanisa chini ya udhalimu hupiga: nikikataa, watafunga yote, nikikubali, yatabaki machache. Siwezi kusimama hapa Jumamosi mchana, nimeshiba, nikawaambia hesabu ile ilikuwa ya woga. Naweza kusema tu kwamba ilikuwa na kosa, na kosa lake lilikuwa kwenye safu ya watoto. Kanisa linalokubali kuwatoa watoto ili libaki na jengo linauza mbegu linunue ghala.

Mwezi Agosti 1961 watu wachache, wakiongozwa na Gennady Kryuchkov na Alexei Prokofiev, walikwenda kwa viongozi wa Moscow wakaomba jambo moja: uitishwe mkutano mkuu wa makanisa yote, barua ile ijadiliwe na waumini wenyewe. Walijiita kikundi cha mwanzo, yaani wenye kuanzisha jambo, na jina hilo likawaganda. Kwa miaka mingi polisi na magazeti waliwaita hivyo kwa dharau. Walikataliwa. Wakaanza kuandikia makanisa moja kwa moja. Vins, mhandisi wa Kiev, akaingia humo akiwa na umri wa miaka 33, akaacha kazi ya umeme, na hapo akawa kosa linalotembea. Sheria ya wakati ule ilimhesabu mtu asiye na ajira inayotambuliwa kuwa kupe wa jamii. Mchungaji wa kanisa lisilosajiliwa hana ajira inayotambuliwa. Kuchunga kondoo kulikuwa uzururaji.

Mwaka 1963 Baraza la Moscow liliitisha mkutano na kuiondoa ile barua. Mwaka 1966 Karev mwenyewe alikiri mbele ya wajumbe kwamba ilikuwa makosa. Kuna wanaosema hapo mambo yangepaswa kuisha, na mimi wakati fulani huwa nafikiri hivyo. Hayakuisha. Waliokuwa nje walikuwa tayari wamewatenga viongozi wa Moscow na ushirika, neno zito sana kwa Wabaptisti, na tayari walikuwa na wafungwa wao kwa mamia na marehemu wao pia. Mwezi Januari 1964 muumini mmoja wa Kulunda, Siberia, Nikolai Khmara, aliyekuwa ameokoka muda mfupi tu na kuachana na ulevi, alifia gerezani Barnaul, na mwili wake ulirudishwa kwa familia ukiwa na alama za mateso. Ukishamzika mtu wa namna hiyo, barua ya kufuta barua haikutoshi. Mwaka 1965 wakaunda Baraza la Makanisa, mbali na lile la Moscow. Kryuchkov mwenyekiti, Vins katibu.

Mwezi Machi 1966 ilitoka amri ya faini: anayefungua nyumba yake kwa mkutano usiosajiliwa, au anayeupanga, atozwe hadi rubo 50. Kwa mtu wa kawaida hiyo ilikuwa kama nusu ya mshahara wa mwezi. Faini hizo hazikuingia kwenye vitabu vya mashahidi wa imani, kwa sababu hakuna anayekufa kwa faini. Lakini mchungaji aliyewahi kuchangisha fedha za bati anajua kanisa huvunjika wapi.

Tarehe 16 Mei 1966 lilitokea jambo ambalo Moscow haikuwa imeliona kwa miongo kadhaa. Wabaptisti wapatao 500, wajumbe kutoka kila pembe ya nchi, walifika mbele ya jengo la Kamati Kuu ya Chama wakaomba kuonana na Brezhnev, mkuu mpya wa Chama. Hawakubeba mabango ya matusi. Walitaka ruhusa ya mkutano mkuu, wafungwa wao waachiwe, na haki ya kuwafundisha watoto dini. Walikaa pale usiku kucha. Kesho yake walizingirwa, wakapigwa, wakasukumizwa ndani ya mabasi. Siku mbili baadaye, tarehe 19, Vins na mwenzake Mikhail Khorev walikwenda kwenye ofisi ileile kuuliza wenzao wamepelekwa wapi. Wakakamatwa hapohapo kwenye mapokezi.

Katika kesi ya mwezi Novemba mwaka huo Vins na Kryuchkov walihukumiwa miaka mitatu kila mmoja, kwa kuvunja sheria ya kutenganisha kanisa na serikali. Nimelisoma shtaka hilo mara nyingi na bado linanichekesha, kicheko kibaya. Walioshtakiwa kwa kuchanganya kanisa na serikali ndio waliokuwa wakisema serikali itoke kanisani. Vins akapelekwa milima ya Ural ya kaskazini, kwenye kambi ya ukataji miti.

Hapa anarudi mama. Mwaka 1964 wanawake wa Kibaptisti, wake na mama wa wafungwa, walikuwa wameanzisha Baraza la Ndugu wa Wafungwa. Lydia Vins, mjane wa mfungwa na sasa mama wa mfungwa, akawa kiungo chake kikuu. Ningependa mwione kazi yao kwa karibu, kwa sababu sijaona siasa iliyo rahisi na kali kama ile. Waliandika orodha. Jina la mfungwa, jina la baba. Mwaka wa kuzaliwa. Siku aliyokamatwa, kifungu cha sheria, miaka aliyopewa. Anwani ya kambi. Kisha safu ambayo hakuna ofisi ya serikali ingeweza kuijibu: wategemezi wake nyumbani ni nani, na watoto ni wangapi. Mstari baada ya mstari. Hakuna mahubiri ndani yake, hakuna laana. Nakala moja ilikwenda serikalini, nyingine makanisani ili watu waombe kwa majina na wajue nguo za baridi zipelekwe nyumba gani, nyingine zikavuka mpaka.

Na zilinakiliwaje? Mashine ya kuchapa ya aina yoyote, isipokuwa taipu, ilikuwa mali ya serikali, chini ya ulinzi. Mwanzoni waliandika kwa mkono na kwa taipu, karatasi tano sita na kaboni katikati. Kisha wakajifunza njia ya zamani ya jeli: unachemsha jelatini na glisirini, unamimina kwenye sinia, inaganda kama uji uliopoa. Unaandika ukurasa wako kwa wino mzito wa zambarau, unaulaza juu ya jeli, jeli inanyonya maandishi. Halafu unalaza karatasi tupu, unapangusa kwa kiganja, unaibandua, na maneno yamo. Moja, mbili, kumi, thelathini, kila nakala imefifia kuliko iliyotangulia, mpaka ile ya mwisho inasomwa kwa kuikinga na dirisha. Vidole hubaki na rangi. Ukiwa na vidole vya zambarau usingeenda sokoni bila glavu.

Jeli haikutosha. Mwaka 1971 lilitangazwa shirika la uchapaji la siri liitwalo Khristianin, yaani Mkristo. Mafundi wa kanisa, watu waliokesha viwandani, walijenga mitambo ya kuchapa kwa vipande vya baiskeli na vyuma vilivyookotwa huku na huku, mitambo inayoweza kufunguliwa ikasafirishwa kwenye masanduku. Karatasi ilinunuliwa madukani kidogokidogo, na watu mbalimbali, miji mbalimbali, ili muuzaji asishangae. Tarehe 24 Oktoba 1974 polisi walivamia shamba moja Latvia wakakuta mtambo mmojawapo umefichwa humo. Walikamata watu saba, tani kadhaa za karatasi, na nakala 15,000 za Agano Jipya. Kumbukeni zile Biblia 10,000 zilizoruhusiwa mwaka 1957 kwa nchi nzima. Watu saba shambani walikuwa wamezipita kwa hesabu. Na baada ya hapo uchapaji haukukoma. Ilikuwapo mitambo mingine, kwingine.

Vins alikuwa ametoka kifungo cha kwanza mwaka 1969, akadumu nyumbani muda mfupi. Mwaka 1970 yeye na Kryuchkov wakaingia mafichoni, wakaongoza Baraza la Makanisa kutoka nyumba moja ya muumini hadi nyingine. Mwezi Desemba mwaka huohuo polisi wakamchukua mama yake. Alikuwa na umri wa miaka 63. Akafungwa mitatu. Siwezi kuthibitisha kwamba walimkamata mama ili mwana ajitokeze, ila sijui mtu aliyeishi enzi zile aliyefikiri vinginevyo. Mwana hakujitokeza. Ni uamuzi ambao nimekuwa nikiutafakari, na nawaomba msiharakishe kuusifu. Alikuwa mwana wa pekee, mama ni mjane, na alijua seli ni nini. Alikaa kimya katika nyumba ya watu wengine wakati mama yake analala kwenye mbao.

Walimpata yeye tarehe 30 Machi 1974, Novosibirsk. Alishtakiwa Kiev mwezi Januari 1975. Andrei Sakharov, mwanafizikia wa bomu la haidrojeni ambaye hakuwa mtu wa dini, alimpigia kelele duniani. Vins alimkataa wakili wa Kisovieti. Alitaka awe na wakili muumini, na Alf Haerem wa Norway alikuwa tayari kuja. Wakamnyima viza. Hukumu: miaka mitano kambini na mitano ya uhamisho, na mali yake itaifishwe. Akapelekwa Yakutia, karibu na Yakutsk, mahali ambapo wakati wa baridi kali ukimwaga chai ya moto hewani inafika chini ikiwa barafu.

Alimaliza ile mitano. Mwishoni mwa Machi 1979 alikuwa njiani kuelekea mahali pa uhamisho, akisubiri kuanza mitano mingine, walipomgeuza, wakamrusha Moscow, wakamweka gereza la Lefortovo. Huko akaambiwa amevuliwa uraia. Akapewa suti. Tarehe 27 Aprili 1979, katika uwanja wa ndege wa New York, walishuka watu watano kwa upande mmoja wa ndege: yeye, mwandishi Alexander Ginzburg, mwanahistoria wa Kiukraine Valentin Moroz, na Wayahudi wawili, Eduard Kuznetsov na Mark Dymshits, waliokuwa wamehukumiwa kwa njama ya kuteka ndege ili watoroke nchi. Walibadilishwa na majasusi wawili wa Kisovieti, Chernyayev na Enger, waliokuwa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na ambao mahakama ya Marekani iliwapa miaka 50 kila mmoja. Hii ndiyo bei ya wanadamu ya mwaka ule, watano kwa wawili.

Jumapili iliyofuata, tarehe 29, Vins aliketi katika First Baptist Church, Washington, na mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyekuwa akifundisha siku ile alikuwa Jimmy Carter, rais wa nchi. Nadhani mnaona kinachonifanya nisimame hapo. Nchi ambayo baba yake aliiacha kwa hiari mwaka 1922 ili akahubiri Siberia, mwana aliletwa humo kwa nguvu. Na mwezi mmoja kabla alikuwa mfungwa, kosa lake, kati ya mengine, ni kutaka Shule ya Jumapili.

Familia ilimfuata mwezi Juni, Lydia akiwamo. Waliishi Elkhart, Indiana, mji mdogo wa viwanda, na Vins akafungua ofisi ya kuyasemea makanisa yale nje ya nchi. Sehemu hii ya maisha yake nitaipita haraka, kwa sababu nayo ilimpita kwa namna yake. Alisafiri sana, alizungumza sana, alipeleka Biblia. Lakini mchungaji aliyeondolewa kwa kondoo wake hukaa kama mtu aliyevua viatu mlangoni akakuta mlango umefungwa nyuma yake. Lydia alifariki huko mwaka 1985. Kryuchkov, yule rafiki yake, alibaki Urusi na akaendelea kujificha mpaka mwaka 1989, karibu miaka 20 bila kukamatwa, akaja kufariki mwaka 2007. Kati ya wawili hao, mmoja alipata jina duniani na mwingine alibaki na kanisa. Sijui nani alilipa zaidi.

Lipo jambo moja la karibu na kwetu ambalo siwezi kuliacha. Miezi mitatu baada ya Vins kutua New York, tarehe 28 Julai 1979, huko Addis Ababa, Ethiopia, Mchungaji Gudina Tumsa, katibu mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, alichukuliwa na watu wa Dergi, serikali ya kijeshi ya Kikomunisti ya Mengistu, akauawa usiku uleule. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1992. Mkewe, Tsehay Tolessa, alifungwa kama miaka kumi. Gudina alikuwa Mlutheri, si Mbaptisti, na Dergi haikuwa Kremlin. Lakini naye alikuwa akigombana na serikali juu ya nani mwenye sauti ndani ya kanisa. Hapakuwa na majasusi wa kubadilishana naye. Wale wanaosema Ukomunisti na kanisa ni habari ya Wazungu na theluji wapande basi kutoka Nairobi kwenda Moyale, wavuke mpaka, waulize.

Nimesema nitamtendea haki Karev. Nimtendee haki na Vins, kwa kusema yaliyokuwa mabaya upande wake. Makanisa yaliyokataa usajili yaligeuka magumu ndani pia. Aliyesajiliwa, hata kwa masharti mepesi yaliyokuja baadaye, alionekana amemsaliti Bwana. Katikati ya miaka ya 1970 baadhi ya makusanyiko, yenye watu waliofungwa kama wengine, yalijisajili yakibaki huru na Moscow na huru na Baraza la Kryuchkov, na yakatazamwa kama yameanguka. Mtu akikaa mafichoni muda mrefu hujifunza kumshuku anayebisha hodi, na tabia hiyo haiishi siku milango inapofunguliwa. Makovu ya mgawanyiko wa mwaka 1961 bado yapo leo, Urusi na Ukraine na miongoni mwa wahamiaji wao Marekani, ambako unaweza kukuta majengo mawili mtaa mmoja, yenye imani moja, na wajukuu wasioweza kueleza kwa nini hawashirikiani Meza ya Bwana.

Uraia wake ulirudishwa mwaka 1990. Alirudi mara kadhaa, akahubiri hadharani kwenye miji ambayo zamani aliingia usiku. Alifariki Elkhart tarehe 11 Januari 1998 kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 69.

Kabla ya hapo, makabrasha ya watu wa usalama yalipoanza kufunguliwa, aliweza kujua habari za baba yake. Pyotr Vins hakufa kambini mwaka 1943. Alipigwa risasi mwezi Agosti 1937, majuma machache tu baada ya kuchukuliwa nyumbani mara ya tatu. Georgi wakati huo alikuwa ametimiza miaka tisa mwezi uleule. Barua ambayo yeye na mama yake waliisubiri Omsk, mwaka huo na uliofuata, na vita vikaja wakiwa bado wanaisubiri, haikuwa na mwandishi.